Kwenda Mji wa Milimani na Kurudi Siku Hiyohiyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeishi katikati ya foleni, honi na joto la jiji kubwa hufika mahali akatamani kupanda mlimani, japo kwa siku moja. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara kwa watu wanaopanga safari hiyo, hasa wanaoifanya kwa mara ya kwanza.

Siku moja inatosha kweli, au ni kujichosha bure?

Inatosha, kwa sharti kwamba usiende na nia ya kumaliza kila kitu. Anayekwenda kupumzika hurudi amepumzika. Anayekwenda na orodha ya sehemu kumi za kutembelea hurudi na uchovu wa jiji alioondoka nao, pamoja na wa barabara juu yake.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 20,000 wa Uingereza. Waliokaa kwenye mazingira ya asili kwa jumla ya dakika 120 au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha yao, kuliko wale ambao hawakutoka kabisa. Na haikujalisha kama dakika hizo zilipatikana kwa mkupuo mmoja au kidogokidogo. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowapa afya, maana huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Hata hivyo, asiyepata nafasi katikati ya juma ana sababu nzuri ya kuitumia siku yake moja ya mapumziko bila kuona kwamba ameipoteza.

Mji uwe umbali gani?

Pima kwa saa, usipime kwa kilomita. Kilomita 100 za barabara tambarare ni saa moja na dakika kadhaa. Kilomita 40 za kupanda, zenye kona na malori yanayojikokota mbele yako, zinaweza kula muda uleule. Kwenye kipande cha milimani mimi huhesabu kilomita 30 hadi 40 kwa saa, hata kama ramani ya simu inasema vinginevyo, kwa sababu ramani haikuhesabia kusimama kwa ajili ya mtoto anayetapika, kutia mafuta, au kusubiri nyuma ya trekta.

Safari ya kwenda isizidi saa tatu, tangu unapofunga mlango wa nyumba hadi unaposhuka garini. Saa mbili na nusu ndiyo kipimo kizuri. Na muda utakaokaa mjini usipungue muda wote wa njiani, kwenda na kurudi ukijumlisha. Hesabu hiyo ikikataa, basi mji huo ni wa kulala, utafutie siku nyingine.

Angalia pia urefu wa mji kutoka usawa wa bahari. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo jiji la pwani likiwa na nyuzi 32, mji wa mita 1,500 unaweza kuwa na nyuzi 22 hivi saa hiyohiyo. Kwa safari ya siku moja napendelea miji iliyo kati ya mita 1,200 na 2,000: baridi yake unaihisi mara tu unapofungua dirisha, na hewa bado haijawa nyepesi kiasi cha kumsumbua mtu mwenye afya ya kawaida.

Watu wa miji yenye joto wamekuwa wakikimbilia milimani tangu zamani. Petrópolis, ulioanzishwa mwaka 1843 juu ya milima iliyo karibu kilomita 70 kutoka Rio de Janeiro, ulikuwa mahali ambapo Kaizari Pedro wa Pili wa Brazili alikwenda kukwepa joto la pwani. Waingereza waliotawala India waliufanya mji wa Shimla kuwa makao makuu yao ya majira ya joto mwaka 1864, na serikali nzima ikawa inahamia huko na mafaili yake.

Niondoke saa ngapi?

Saa kumi na moja alfajiri. Najua wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini hapa ndipo siku inapopatikana au kupotea. Kuna jiji la kutoka kabla foleni haijaanza, na kuna mlima wa kuuona kabla mawingu hayajaufunika. Ukiondoka saa mbili asubuhi unakosa yote mawili: saa moja inaishia kwenye foleni, unafika saa tano na kitu, unakaa kula, na ukiinua macho mlima umeshajificha.

Ili kuamka alfajiri kusiwe mateso, maliza kazi zote jioni ya kuamkia safari. Jaza mafuta, panga mkoba, weka nguo za watoto juu ya kiti, chaji simu. Asubuhi kubaki kunawa uso na kuondoka. Chai mtainywa njiani.

Siku gani ni nzuri zaidi?

Katikati ya juma, kama unaweza kuomba ruhusa. Jumanne na Jumatano mji wa milimani unakuwa wa wenyewe: maduka yamefunguliwa, njia za kutembea hazina watu, na mwenye mgahawa ana muda wa kuongea nawe. Kama ni lazima iwe mwishoni mwa juma, chagua Jumamosi badala ya Jumapili, kwa sababu Jumapili jioni wote waliopanda tangu Ijumaa wanashuka kwa wakati mmoja kwenye barabara ileile moja. Sikukuu ndefu ziache kabisa. Baguio, mji wa Ufilipino ulio mita 1,500 hivi, ulijengwa uwe mahali pa kukimbilia joto la Manila, na leo wakati wa likizo barabara zake zinajaa magari kama za jiji ambalo watu wamelikimbia.

Niende kwa basi, kwa treni au kwa gari langu?

Kama kuna treni, panda treni. Dereva naye anapata kuangalia nje, hakuna anayesinzia kwenye usukani, na reli za milimani mara nyingi zimepita mahali ambapo barabara haikuweza. Reli nyembamba ya Darjeeling nchini India, iliyokamilika mwaka 1881, inapanda kwa kuzunguka na kujipita yenyewe kwa juu, na sehemu nyingine kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kwenye mteremko. Zermatt, Uswisi, hauruhusu magari ya kawaida ya mafuta kuingia. Wageni huyaacha Täsch, kilomita 5 chini, wakamalizia kwa treni. Ukifika mahali kama hapo ndipo unapotambua ni kiasi gani cha kelele za maisha yetu kinatoka kwenye injini.

Basi ni zuri kwa mtu mmoja au wawili. Jambo la kwanza kufanya ukishuka ni kuuliza basi la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi, na umuulize mtu wa kituoni, si mtandao. Kisha panga kupanda lile linalotangulia la mwisho, ili likijaa uwe bado na jingine.

Gari binafsi linawafaa wenye watoto wadogo au wazee, mradi dereva awe amelala vizuri na gari liwe zima.

Gari langu ni la kawaida tu. Litapanda?

Litapanda. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo utaliona zito kuliko ulivyozoea. Usilikamue. Rudisha gia, zima kiyoyozi, fungua madirisha na uangalie geji ya joto la injini. Ikianza kupanda kuelekea nyekundu, tafuta mahali salama usimame, na usifungue kifuniko cha rejeta hadi injini ipoe kabisa.

Ila kupanda si tatizo kubwa. Tatizo ni kushuka, na kunastahili swali lake.

Kwa nini mnasisitiza sana breki wakati wa kushuka?

Kwa sababu gari linaloshuka mlima mrefu lazima ligeuze nishati ya kushuka kwake kuwa joto mahali fulani, na ukikanyaga breki mfululizo joto hilo lote linaishia kwenye breki. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishalowana kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke ndani ya mipira, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedeli inazama hadi chini, na gari linaendelea kwenda.

Dawa yake ni gia. Madereva wa zamani husema shuka na gia ileile ambayo ungeitumia kupanda hapo, na wako sahihi. Ingiza gia ya pili au ya tatu kabla mteremko haujaanza, uiache injini ishike mwendo. Gari la otomatiki nalo lina nafasi ya gia ndogo: L, 2, au alama ya kutoa, jifunze ilipo ukiwa bado nyumbani. Breki ikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha iachie ipoe, badala ya kuiegemeza mguu kilomita nzima. Usiweke gia huru hata kidogo. Mafuta unayodhani unaokoa hayapo, kwa sababu magari mengi ya kisasa hukata mafuta yenyewe yanaposhuka yakiwa kwenye gia.

Ukisikia harufu kali ya kitu kinachoungua, au ukihisi pedeli imelegea, simama mahali palipo tambarare na ukae nusu saa au zaidi. Usimwagie magurudumu maji. Chuma chenye joto kali kikikutana na maji baridi kinaweza kupinda au kupasuka. Na kabla hujapanga safari yoyote ya mlimani, mwambie fundi apime mafuta ya breki na unene wa pedi. Ni kazi ndogo.

Kwenye barabara nyembamba, nchi nyingi zina desturi au sheria ya kumpa nafasi anayepanda, kwa kuwa akisimama ni vigumu kwake kuondoka tena.

Nivae nini?

Nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito. Alfajiri mlimani utazitaka zote. Saa sita mchana kwenye jua utabaki na fulana. Wingu likipita dakika kumi baadaye utatafuta sweta. Nguo ya juu kabisa iwe inazuia upepo na mvua. Mwavuli sioni faida yake huko, upepo huugeuza. Viatu viwe vimeshavaliwa na vyenye soli inayoshika, maana miji ya milimani ni ya ngazi na vijia vya kuteleza hata kama hutatoka nje ya mji. Soksi za ziada zinachukua nafasi ndogo mno na zinaweza kuokoa siku nzima ya mtoto.

Kuna baridi, mbona nimeungua na jua?

Baridi haipunguzi mionzi. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mita 1,000, kwa sababu hewa ya kuichuja ni kidogo, na sehemu kubwa yake hupenya mawingu mepesi. Upepo baridi unakuzuia kuhisi ngozi inavyoungua mpaka jioni. Vaa kofia na miwani ya jua, paka krimu ya kujikinga na urudie baada ya saa mbili. Midomo nayo hupasuka, kwa hiyo beba mafuta ya kupaka.

Masikio yanaziba njiani. Ni hatari?

Kwa kawaida si hatari. Mgandamizo wa hewa unabadilika nje, na ule ulio nyuma ya ngoma ya sikio haujapata nafasi ya kusawazika. Meza mate, piga miayo, tafuna kitu. Isipofunguka, funga mdomo, bana pua, sukuma pumzi taratibu. Njia hiyo ina jina la Antonio Valsalva, mwanaanatomia wa Italia aliyeieleza mwaka 1704. Usisukume kwa nguvu.

Kushuka ndiko kunakouma zaidi, hasa mwenye mafua mazito. Mtoto mchanga anyonye wakati gari linashuka. Kule kumeza kunamfungua masikio, naye hana njia nyingine ya kukueleza kinachomuuma.

Kona zinanipa kichefuchefu. Nifanyeje?

Kaa mbele, angalia mbali barabarani, weka simu mfukoni. Kichefuchefu cha safari kinatokana na masikio ya ndani kuhisi mwendo ambao macho yaliyotazama kioo au kitabu hayauoni, kwa hiyo kuangalia mahali palipotulia mbele yako ndiyo tiba ya kwanza. Kula kidogo kabla ya kuondoka, si kushiba wala kukaa na njaa. Fungua dirisha. Dawa za kuzuia kutapika zipo na zinasaidia zikimezwa kabla ya safari, lakini nyingi zinaleta usingizi, na dereva asizitumie. Mwambie dereva apunguze mwendo kwenye kona. Yeye mara chache hutapika kwa sababu anajua gari linaelekea wapi, hivyo hawezi kujua unavyojisikia mpaka umwambie.

Je, naweza kuugua kwa sababu ya urefu wa mlima?

Chini ya mita 2,500 ni nadra. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa huko juu kama ilivyo chini, ila mgandamizo unapungua, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni kidogo zaidi. Kwenye mita 2,000 mgandamizo ni kama asilimia 80 ya ule wa usawa wa bahari, na kwenye mita 3,000 ni asilimia 70. Ndiyo maana utahema ukipanda ngazi ambazo nyumbani usingezihesabu. Tembea polepole, kunywa maji.

Juu ya mita 2,500 kichwa kinaweza kuanza kuuma, pamoja na kichefuchefu na kizunguzungu, mara nyingi saa kadhaa baada ya kufika. Safari ya siku moja ina bahati hapo, kwani watu wengi huwa wameshashuka. Lakini ikitokea, shuka, usingoje ratiba iishe. Mtu akianza kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, hiyo ni dharura: ashushwe mara moja na apelekwe hospitali.

Nani amwone daktari kabla ya kwenda?

Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, mwenye pumu isiyotulia, mjamzito mwenye matatizo, na mtu aliyefanyiwa upasuaji karibuni.

Mwenye selimundu naomba azungumze na daktari kuhusu jambo hili bila kulipuuza. Oksijeni pungufu, baridi na kukosa maji mwilini, kila kimoja kinaweza kuamsha maumivu makali, na mlimani vitatu hivyo hukutana. Daktari anaweza kumruhusu kwenda mji usio juu sana, akamwelekeza avae nguo za joto tangu mwanzo na anywe maji mengi. Afadhali familia nzima ichague mji wa chini zaidi kuliko mmoja wao kurudi amelazwa.

Kundi jingine linalosahaulika ni waliotoka kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa. Kupanda mlima mapema baada ya kuzamia ni kama kupanda ndege: naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu. Wasubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau 18 kama walizamia mara kadhaa.

Nikifika nifanye nini kwanza?

Kaa. Tafuta mahali penye kiti na mandhari, uagize kitu cha moto, na usiguse simu kwa nusu saa. Masikio yaliyozoea jiji yanahitaji muda. Mwanzoni utadhani hakuna sauti yoyote, kisha zinaanza kuja moja moja: jogoo upande wa pili wa bonde, mtu anayepasua kuni, maji yanayopita chini ya daraja, watoto wanaosoma kwa pamoja darasani. Ukianza na matembezi ya haraka hutazisikia, utasikia pumzi zako tu.

Baada ya hapo chagua jambo moja kubwa na jambo moja dogo. Kubwa liwe matembezi ya saa mbili au tatu, maporomoko ya maji, au kilele kidogo kilicho karibu na mji. Dogo liwe soko, nyumba ya ibada ya zamani, makumbusho, au kitalu cha maua. Jambo la tatu liache. Kubwa lifanyike asubuhi, dogo baada ya chakula cha mchana.

Kupanga matembezi tumia kanuni aliyoitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892, ambayo wapanda milima bado wanaitumia: kwa vipimo vya leo, saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 5 inayopanda mita 300 ni saa moja na nusu kwenda. Naismith alihesabia watu wakakamavu, kwa hiyo ukiwa na watoto ongeza nusu ya muda huo juu yake.

Watoto watachoka. Kuna la kuwafanya waifurahie safari?

Wape vitu vya kuchunguza. Pakiti ya biskuti iliyofungwa chini itavimba kama mto mkifika juu, kwa sababu hewa iliyomo ndani imebaki na mgandamizo wa kule ilikotoka. Wakati wa kurudi fanyeni kinyume chake: malizeni maji ya chupa ya plastiki mkiwa juu, mkaze kifuniko, muiweke mahali wanapoiona. Kona baada ya kona itaanza kubonyea, itatoa mlio, na mkifika chini itakuwa imekunjamana bila mtu kuigusa. Mtoto aliyeona hivyo haulizi tena hewa nyembamba ni nini.

Wape pia ruhusa ya kukaa mahali pamoja. Kijito chenye mawe kinawatosha kwa saa nzima.

Mvua ikinyesha?

Itanyesha, panga hivyo. Jua la asubuhi linapasha miteremko, hewa inapanda, inapoa, na unyevu wake unageuka mawingu. Ndiyo sababu mvua na radi za milimani hupenda kuanza mchana hata siku iliyoanza na anga safi. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ukungu ukishuka ukiwa njiani, washa taa za chini, si za juu, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, na usipite gari lolote.

Simu na fedha?

Pakua ramani ya eneo kabla ya kuondoka, kwani mtandao hukatika kwenye mabonde. Betri huisha upesi kwenye baridi. Weka simu mfuko wa ndani karibu na mwili. Beba fedha taslimu, noti ndogondogo.

Wenyeji wanatuonaje sisi wa siku moja?

Inategemea tunavyofika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni wa siku moja anaweza kuja na chakula chake, maji yake na muziki wake, akaacha taka na moshi, akaondoka bila kumpa mtu yeyote kazi. Hallstatt, kijiji cha Austria kando ya ziwa katikati ya milima, kina wakazi chini ya 800, na siku za kilele kimewahi kupokea wageni wapatao 10,000. Mwaka 2023 wakazi waliandamana kudai idadi hiyo iwekewe kikomo. Ukiwaza kuamka asubuhi ukute watu wasiokujua wamesimama mlangoni pako wanapiga picha madirisha yako, unawaelewa.

Kwa hiyo kula huko, nunua matunda yako huko, mchukue kijana wa pale akuongoze njia hata kama ramani unayo. Egesha gari mahali palipotengwa, maana mitaa ya milimani ni myembamba na gari moja lililokaa vibaya linazuia hata gari la wagonjwa. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Taka zako shuka nazo, kwa kuwa mji mdogo hauna uwezo wa kubeba uchafu wa jiji. Na zima muziki. Utulivu ulioufuata si mali ya wageni. Watu wanalala, wanasoma na wanauguza wagonjwa ndani ya utulivu huo.

Nianze kurudi saa ngapi?

Saa tisa alasiri ni nzuri kwa aliyeondoka alfajiri. Jua la bondeni huzama nyuma ya mlima mapema kuliko kalenda inavyosema, na kona unazozipita kwa raha mchana hubadilika giza likiingia. Kupima mwanga uliobaki, nyosha mkono mbele, kunja kiganja ili vidole vilale chini ya jua, na uhesabu vidole vinavyoingia kati ya jua na ukingo wa mlima: kila kidole ni kama dakika 15. Usilikazie jua macho unapopima.

Kuna sababu nyingine, nayo ni dereva. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi sawa na aliye na pombe asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu kuendesha nacho. Aliyeamka saa kumi alfajiri hufika hapo saa tatu usiku. Akiwa amepanda mlima kwa miguu katikati, hapana shaka anafika mapema zaidi. Akianza kupepesa macho au kuhama mstari, asimame mahali salama, alale dakika 20, anywe kahawa, au ampe mwingine usukani. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi.

Na nikikosa basi la mwisho, au barabara ikifungwa?

Lala huko. Usipande lori usilolijua wala usilazimishe kushuka usiku kwenye ukungu kwa sababu tu ulisema utarudi leo. Ndiyo maana kwenye mkoba weka dawa zako za siku mbili, tochi, blanketi jepesi, maji na kitu cha kula, hata kama anga ni safi unapoondoka. Mwachie mtu aliye nyumbani jina la mji, njia utakayopita na saa unayotegemea kufika, mkubaliane pia baada ya saa ngapi za kimya aanze kuulizia. Ukiamua kulala mpigie mapema, kabla hujaanza kutafuta chumba, kwa sababu mtandao ukikatika yeye ndiye atakayekesha.